Betri ya Koyama

Wasikilizaji wapendwa, asalamu alaykum. Ni mimi Safiyya, na leo nimekataa kiti. Nimesimama, kwa sababu Bi Kuluthumu hakuwahi kukaa mbele ya redio. Bi Kuluthumu Sheikhan amefariki Jumatatu hapa Kismayo. Nasema tena: Bi Kuluthumu, mhandisi wa umeme, mwanamke wa kwanza kufundisha ufundi wa redio mjini hapa, ametutoka.

Alizaliwa kisiwa cha Ngumi. Vita vikampeleka Mombasa, akasomea umeme huko. Aliporudi, wanaume walimletea pasi na feni mbovu, wakingoja ashindwe. Hakushindwa. Akafungua darasa la wasichana sebuleni kwake, nami nikiwemo. Kisha akafunga redio za mawasiliano Ngumi, Fuma na Koyama, ili mgonjwa akizidiwa kisiwani, mji upate kujua. Kila siku baada ya alasiri aliviita visiwa kimoja kimoja. Hatulii, anazunguka chumba, mpaka vyote vijibu.

Mwaka jana Koyama ikanyamaza. Fathiya, mwanafunzi wake wa kule, aliiongezea betri maji ya kisima. Visima vya visiwani vina chumvi, betri ikafa. Bi Kuluthumu akapanda boti na dumu la maji ya mvua na betri kuukuu ya nyumbani kwake. Akamkuta Fathiya analia. "Nyamaa, mwanangu," akamwambia. "Mimi ya kwanza niliitia mai ya bahari."

Betri ile nayo ilianza kuchoka. Mwezi uliopita, akiwa kitandani, aliniomba nipeleke mpya. Nikasema wiki ijayo. Ilipofika, nikasema tena wiki ijayo.

Bintiye, Barke, aliniambia jana: "Mama mwisho hakuuliza mchu, si mimi wala jamaa. Aliuliza, Koyama imejibu?"

Haijajibu, wasikilizaji. Leo ni siku ya tisa Koyama iko kimya. Naona haya kulisema hewani, lakini nalisema.

Barke, na jamaa wote wa Ngumi hadi Mombasa, Mungu awape subira, na mama yetu ampe pumziko ambalo hakujipa mwenyewe. Nawe unayesikiliza, kumbuka ni nani uliyemwambia wiki ijayo.

Fathiya, najua unayo ile redio ndogo ya kusikilizia habari. Mwalimu wetu amefariki. Umekuwa wa mwisho kujua, na kosa ni langu. Betri mpya iko hapa miguuni pangu, na boti inaningoja. Kesho baada ya alasiri, ita Kismayo. Barke atakuwa amesimama.