Mama Damari na Mabingwa wa Malezi wa Muraqqabat

Ukitaka kujua dunia inakwendaje, usihangaike na taarifa ya habari. Njoo Muraqqabat Jumapili alasiri, zunguka nyuma ya hoteli ndogo yenye taa ya kijani, utatukuta. Tumekaa juu ya sofa ambalo hoteli ililitupa kwa aibu, na viti viwili vya plastiki vinavyohitaji dua kabla ya kukaliwa, chini ya viyoyozi vinavyotudondoshea maji utosini bila ubaguzi. Kahawa ni ya Mzee Khelef, Mzanzibari aliyehamia Dubai enzi za ujana wake. Huja nayo kwenye chupa ya chai, ina tangawizi ya kumwamsha maiti. Tunamwita Mufti, kwa kuwa kila jambo analo fatwa yake na haijawahi kumsaidia mtu. Wa pili ni Mubarak, Mkenya wa Likoni, dereva wa mwanasheria kule Silicon Oasis. Kumwendesha wakili kumemfanya na yeye awe Wakili. Wa tatu ni Zedekiya, Mganda, mlinzi wa duka la manukato. Huyo ni Afande, ingawa silaha yake ni redio ya mkononi ambayo hatujawahi kuisikia ikisema neno. Wa nne ni mimi, Mbongo, nabandika karatasi kwenye maboksi ghalani kule Freezone, ndiyo maana naitwa Kibandiko. Sote wanne ni mababa. Likumbuke hilo, maana siku ile sisi wenyewe tulilikumbuka kwa taabu.

Wakili alikuja na video kwenye simu. Malori, askari, akina mama wa kanzu nyeupe wanagaagaa chini, na watoto wa kanzu nyeupe wanapakiwa mmoja mmoja.

— Cheki hii maneno, alisema. Serikali ya kina Afande imepanda mlima, imebeba watoto wote wa nabii fulani. Watoto mpaka lori zimejaa!

— Banange! Afande aliinamia simu. Hao ni watu wa Jiwe Jeupe. Mimi najua hao. Wanapitaga kwetu na asali. Mtoto hapana shule, hapana chanjo. Na msichana akikua kidogo tu, anapewa mzee.

— Nabii ana wake wangapi? niliuliza.

— Kumi na moja. Ya kumi na mbili alikuwa anangoja aote ndoto.

Mufti akaweka kikombe chini. Tukajua fatwa inakuja.

— Kavuka mpaka huyo. Sheria wanne, basi.

— Mzee, yule si Muislamu.

— Ndo pabaya zaidi, bwana we! Hana hata mpaka wa kuuvuka! Ndo wahenga wakasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Hiyo inaingiaje hapa, Mzee?

— Inaingia. Hujaifikiri tu.

Wakili alijinyoosha kwenye sofa, akakunja nne, akawa mwajiri wake.

— Mimi nasema serikali iko sawa. Boss, mtu ana wake kumi na moja, atajuaje mtoto yupi ni wa nani? Kulea ni kazi. Inataka baba present, kila siku, hapo hapo.

— Na wewe wako wawili, nikamwambia.

— Wangu ni rahisi. Mmoja yuko Likoni, mwingine Eldoret. Hawawezi kuchanganyika.

— Wanajuana?

— Wanajua niko Dubai.

Tulikubaliana kwamba jibu hilo lina busara ndani yake, tukanywa. Kisha tukaingia kwenye swali kubwa: kwa nini serikali ichukue watoto na imwache nabii anapunga mkono kwenye kamera? Hapo ndipo kijiwe huwa na raha yake, maana hakuna hata mmoja anayejua kitu.

— Ni mlima, alisema Wakili. Chini kuna madini. Ukitaka kumtoa mtu kwa shamba lake, unamtoa mtoto kwanza, mama anafuata, baba anabaki hana wa kumpikia, anashuka mwenyewe. Nimesikia boss wangu akiongea kwa simu.

— Akiongea habari za mlima huo?

— Akiongea habari za talaka. Lakini njia ni ile ile.

— Mimi nafikiri ni kuimba, alisema Afande. Hao watoto wanaimba kama malaika, wallahi ya Mungu. Serikali inataka kwaya ya kupokea wageni uwanja wa ndege. Kwaya ya sasa ina wazee tupu.

Mufti alitikisa kichwa kwa kutuhurumia.

— Nyie watoto wadogo. Walolelewa bila chanjo hao damu yao haijaguswa. Kuna madaktari ng'ambo huko wanaitafuta damu hiyo usiku na mchana. Miye jirani yangu mmoja alichukuliwa damu hapa hapa Deira, akaambiwa ana sukari. Sukari gani? Chai yenyewe hanywi! Ndo maana ikasemwa, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

— Na hiyo inaingiaje, Mzee?

— Wee Kibandiko, kazi yako kubandika. Bandika.

Sasa mimi nikitaniwa hupandwa na mori, na mori ukinipanda akili hushuka. Nikasimama. Nikawaambia hawa jamaa wanaona karibu. Watoto wa mlimani wanapanda na kushuka tangu wanatambaa, mapafu yao ni ya farasi, na wote ni wa baba mmoja kwa hiyo pasi wataelewana bila kutazamana. Serikali inajenga timu ya taifa ya vijana! Watawafungia kambini miaka mitano, halafu Afrika nzima italia. Nilikuwa nimefikia kuwapanga mabeki.

— Kaka Zedekiya.

Alikuwa nyuma ya sofa. Msichana wa Kiganda, sare ya kazi ya ndani bado iko chini ya koti, simu ameikamata kwa mikono miwili. Sijui alisimama pale tangu lini, lakini naomba Mungu iwe ni baada ya mabeki.

— Angella! Afande akampisha kiti. Jamani, huyu ni dada yangu wa kanisani. Anafanya kwa nyumba ya Waarabu, mtaa wa nyuma huku. Kaa, dada. Tunaongea habari ya nyumbani.

— Nimesikia, alisema. Shikamoo, Mzee.

— Marahaba, mwanangu. Kahawa?

— Hapana, Mzee. Mtoto wangu yuko kwa hiyo lori.

Kiyoyozi kilidondosha tone, nikalisikia likigonga plastiki. Wakili aliizima video kwa kidole, taratibu, kama anamfunika mtu.

Angella alituambia kwa maneno machache, macho kwenye simu. Mwanawe ni Yekoniya, ana miaka saba. Alimwacha na bibi yake akiwa bado ananyonya. Bibi akaugua, akapanda mlimani kuombewa, akaenda na mjukuu. Bibi akafia huko.

— Mtoto akabaki. Mimi nikipiga simu wananiambia anakula, anasali. Nikasema, sawa, si kuna watu? Nikaacha. Sasa madam wa ustawi wa jamii amenipigia. Mtoto amekataa chakula tangu walimleta. Hapana kusema, hapana kulia. Amekaa tu pembeni ya ukuta. Asipokula mpaka kesho wanampeleka hospitali, wamtie mpira kwa pua.

— Subhanallah, alisema Mufti.

— Ameniuliza: wewe ndiyo mama, tuambie huyu anabembelezwa vipi. Nikasema nipe nusu saa. Atapiga sasa hivi. Alitutazama mmoja mmoja, na jamani alitutazama kwa heshima, hilo ndilo lililoniua. Nyinyi ni wazazi. Mtoto wa miaka saba akikataa kula, munafanyaga nini?

Kijiwe kilichomaliza vita vya mashariki na magharibi, kilichofundisha mabenki namna ya kuendesha fedha, kikakohoa.

— Mimi kwa simu nawaambia, kula! alisema Afande. Ni amri.

— Wanakula?

— Mtandao unakatika.

— Mimi hutuma voice note, alisema Wakili, na sauti yake ya mahakamani ilikuwa imemwacha. Wanapenda. Mama yao anasema wanapenda.

Nikaona nijitolee. Nikasema Sumeiya wangu hubembelezeka kwa kitu cha rangi ya pinki. Mwaka jana nilimpelekea viatu vya pinki na vilifaa sana.

— Aliacha kulia? aliuliza Angella.

Ikabidi niseme ukweli wote, kwamba vilimfaa mtoto wa jirani. Wangu yuko kidato cha pili.

Tukamgeukia Mufti. Yeye ndiye peke yake aliyelelea watoto hapa hapa Dubai, chini ya paa lake, na mama yao ndani. Alipiga kifua kidogo.

— Hazim wangu, yule wa mwisho, alikuwa hivyo hivyo. Mkaidi! Hagusi tonge. Hagusi mpaka... Mzee akatazama chupa ya kahawa. Mpaka aje Betty.

— Betty ndiyo mama yake?

— Msichana wetu wa kazi. Wa kwenu huko huko, Uganda.

— Betty alikuwa anafanyaje, Mzee?

— Aa, hilo ningelijulia wapi, mwanangu? Miye nilikuwa huku, n'nakunywa kahawa.

Angella akaitikia kwa kichwa, bila ubaya wowote, kama mtu aliyeuliza njia kwa wageni.

— Humoud wa madam wangu, alisema, akikataa chakula mimi namkalisha juu ya mashine ya kufua ikiwa inazunguka. Anatetemeka, anacheka, anafungua mdomo, natia kijiko. Hata madam hajui hiyo. Ya Humoud najua yote. Ya Yekoniya ndiyo sijui.

Simu ikalia kabla hatujapata pa kuficha nyuso. Akaiweka kwenye sauti ya juu. Waliongea Kinyankole; Afande akatutafsiria kwa kunong'ona, neno kwa neno, sura imemkunjamana.

— Yule madam anasema leo mtoto amesema neno moja. Amesema, mama.

— Alhamdulillah! Wakili alinipiga paja. Si unaona! Damu ni damu, boss. Mtoto anamjua mamake hata akiwa mwezini!

— Anasema ataweka simu kwa sikio yake, aongee na mama.

Angella alisimama. Akafuta midomo kwa ncha ya koti, sijui kwa nini, kana kwamba anaonekana. Akasema maneno matamu, hayo hayakuhitaji mkalimani. Upande wa pili zikasikika pumzi za mtu mdogo. Halafu kisauti kikauliza jambo, kwa furaha kabisa.

Afande hakutafsiri.

— Amesemaje? nikamnong'oneza. Wee Afande, amesemaje?

— Amesema, Mama Damari?

Mke wa nne wa nabii, tulikuja kuambiwa baadaye. Ndiye aliyemchukua mtoto bibi alipokufa. Angella alifumba macho. Alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Ni neno fupi, mtoto angekula, na sisi wanne pale tungelisema bila kupepesa, maana tumeshasema makubwa kuliko hilo kwa simu hizi hizi. Akalisema jina lake. Angella. Kisauti hakikusema tena.

Akamwita yule madam. Akaongea naye kwa sauti kavu, ya mtu anayetoa maelekezo ya kazi, na Afande akarudi kazini kwake kunong'ona.

— Anasema, mutafute mama mmoja anaitwa Damari. Ako kwa wale mama ulisema wanalia kwa lango yenu. Mumruhusu aingie na chakula yake. Amfundishe mtu wenu vile anafanyaga... Anasema, halafu muniambie na mimi.

Simu ikakatika. Hakulia. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, na Mufti akammiminia kahawa ya mwisho iliyobaki, ambayo kwa kawaida hawezi kumpa hata nduguye. Akainywa yote. Halafu akauliza, siyo kwa uchungu, ni kama anauliza saa:

— Mzee, na nikirudi nyumbani, mimi ataniita nani?

Mufti akafungua mdomo. Methali zote ziko mle ndani, na ile moja ya uchungu wa mwana alikuwa ameshaitumia kwenye habari za sukari. Akaufunga. Wakili akawa anatafuta kitu chini ya sofa. Mimi, fundi wa kupanga mabeki, nilitazama viatu vyangu.

— Asante kwa kahawa, alisema Angella. Akaenda, maana Humoud huamka alasiri na akiamka hakubali mtu mwingine.

Kijiwe kikavunjika bila salamu. Mufti akachukua chupa tupu, akasema anakwenda nyumbani kumuuliza Betty jambo, na Betty alisharudi Uganda miaka mingi iliyopita. Afande akageukia ukuta na simu yake. Mimi nikafungua namba ya Sumeiya nikaitazama tu. Wakili alikuwa amefika kwenye kona ya hoteli, kidole kimoja kimeziba sikio la pili, anapaza sauti mpaka watu wa ghorofani wakachungulia:

— Nipatie mtoto. Hapana, si wewe, mtoto! ...Haloo? Ni baba. Baba! ...Aje, baba yupi? Kwani wako wangapi? Wa Dubai!