Miaka Thelathini na Mmoja ya Kungoja Wageni: Saikal Mombekova Anastaafu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Saikal Mombekova anakabidhi funguo za ukumbi wa maktaba yetu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Cheo chake kwenye karatasi ni Mratibu wa Mihadhara ya Jamii. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaleta wajuzi wa historia na sheria mpaka mji wetu wa kando ya ziwa, na kuhakikisha wanafika, wanasikika, na wanaondoka wakitamani kurudi.

Aliajiriwa mwaka 1994 kupanga magazeti. Nchi yetu ya Wakirgizi ilikuwa changa, miaka mitatu tu tangu uhuru, na watu walikuja maktabani na maswali ambayo vitabu vyetu vya zamani havikuyajua: shamba la ushirika sasa ni la nani, diwani anachaguliwaje. Saikal akachoka kujibu kwamba hakuna kitabu. Akamwandikia barua mwanasheria mmoja wa Bishkek, mji mkuu, naye akaja. Wasikilizaji walikuwa kumi na mmoja, wanne kati yao wakiwa wamefuata tu joto la jiko la ukumbini. Mara ya pili walikuja sitini.

Tangu hapo hajatulia. Wageni wake hupitia korongo la Boom, ambako mawe huporomoka bila kubisha hodi, kwa hiyo siku ya mhadhara Dada Saikal hakai. Hutoka mpaka barabarani, hurudi, huhesabu viti alivyokwisha kuvihesabu, hutoka tena. Msemaji akifika, huvuliwa koti huku akisukumwa jukwaani. Na anayependa kurefusha maneno hupelekewa bakuli la chai katikati ya sentensi. Bakuli la pili likija, wazoefu hujua muda umekwisha.

Lakini siku ambayo mji huu hautaisahau ni ya Oktoba 2006. Ilikuwa imetimia miaka tisini tangu mwaka ule wa 1916, Wakirgizi walipoasi utawala wa mfalme wa Urusi na walowezi wa Kirusi wakauawa, kisha askari wakawafukuza watu wetu kuvuka milima kuelekea China, na maelfu wakafia kwenye theluji. Mjini kwetu wanaishi wajukuu wa pande zote mbili, na mwaka huo hautajwi mezani. Saikal akamwalika profesa aje autaje.

Asubuhi ofisa mmoja wa wilaya alimpigia simu kumshauri aahirishe, watu wasije wakashikana mashati. Alijibu kwamba tangazo limekwisha kubandikwa. Saa kumi jioni ukumbi ulijaa, Wakirgizi upande wa dirishani, Warusi upande wa jiko, bila aliyewapanga. Nusu saa baadaye ikaja habari: mawe yamefunga korongo, profesa amekwama. Minong'ono ikapanda. Mmoja akasema profesa ametishwa. Mwingine akasema heri asije kutuita wauaji. Ofisa, aliyekaa mstari wa mbele, akaashiria ukumbi ufungwe.

Saikal alipanda jukwaani. Akasema profesa hayupo, lakini wenye habari wapo. Akamwita Mzee Sagynbai, mfugaji wa farasi, kisha Bi Klavdia Shevtsova, nesi mstaafu. Hao ni majirani; walitumia mfereji mmoja wa maji kwa miaka arobaini na walisalimiana kwa kutikisa kichwa tu.

Mzee alianza. Mama yake alivuka milima akiwa na miaka kumi, na mdogo wake mgongoni. "Walipofika ng'ambo wakamwambia amshushe mtoto, amekwisha kufa," alisema. "Alikataa kumshusha mpaka siku ya pili."

Kisha ikawa zamu ya Bi Klavdia.

"Babu yangu aliuliwa shambani kwake, bibi anatazama," alisema. "Miaka yote nimedhani mwaka ule ulitula sisi peke yetu. Mzee, huyo mtoto alikuwa anaitwa nani?"

Mzee alimtazama. "Aisuluu," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Na babu yako?"

"Timofei."

Mtu mmoja wa viti vya nyuma aliruka akidai hayo ni maneno ya vizee. Saikal hakupandisha sauti. "Kaka, zamu yako itafika," alimwambia. "Njoo na majina, kama wao." Zamu yake ilipofika, alikuwa nayo matatu.

Profesa aliingia saa moja usiku, matope mpaka magotini. Tulimwelekeza jukwaani, akakataa. Aliketi chini, akafungua daftari, akaandika.

Wiki iliyofuata Saikal alipewa barua ya onyo kutoka wilayani, na kwa miezi miwili hatukujua kama atabaki kazini. Yeye mwenyewe hakulala vizuri. Alikuwa akituuliza kila asubuhi kama kuna simu. Alibaki. Oktoba ya mwaka uliofuata ofisa yuleyule alikuja kwenye mhadhara wetu, akaketi nyuma, na mwisho akasimama kulitaja jina la nyanya yake.

Katika miaka hii yote Saikal hakuwahi kuwa msemaji. Mwezi uliopita tulimbandika kwenye tangazo bila kumuuliza. Alizungumza dakika nne, akasema mengine mnayajua wenyewe, akauliza nani ana la kusema. Mikono saba ilipanda kwa pamoja, akashindwa aanze na upi, akacheka mpaka akafuta machozi.

Dada Saikal, asante kwa kutufungulia midomo. Uwe na afya njema na siku nyingi za amani. Na hiyo mikono saba usiihangaikie: kila mmoja amepata tarehe yake ya kuzungumza, kuanzia Septemba.