Kete ya Bure ya Nestani

Ndani ya basi la mjini Kutaisi, Lamara, muuguzi aliyekuwa akirudi kutoka zamu, alijikuta akitega sikio. Kiti cha mbele, mzee mmoja alikuwa akimbishia mama asiyemjua kuhusu fainali ya jana ya sataranji ya wanawake. "Binti yangu, ufunguzi gani ule? Hatua ya pili tu, Nestani anatoa kete bure na kumwacha mfalme wake wazi! Kashinda kwa bahati."

"Bahati haiji mara thelathini mfululizo, mzee wangu," mama alijibu taratibu. "Kila hatua yake ilimbana mpinzani. Na ana miaka kumi na sita, mkono hautetemeki."

"Kwani wewe ulikuwepo?" Katika basi lile kila mzee ni bingwa.

"Nilikaa mbele yake. Mimi ndiye Tsiuri aliyefungwa. Nacheza mwaka wa ishirini na sita huu, sijaona kitu kizuri namna ile."

Lamara akainama mbele asikie vizuri. Mzee alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Sasa kwa nini uliila ile kete?"

"Nilitaka kuona anakwenda wapi."

Basi likasimama. Tsiuri akashuka akitabasamu, na mzee akamfuata nyuma, bado anabisha.