Nukta Baada ya Neno Funzo

Marehemu dada yetu, ambaye watoto wa kanisa walimwita Bibi Ukurasa, alizaliwa Jumanne tarehe 4 Machi 1947, katika nyumba ya walimu iliyopakana na jiko la shule. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano na, kwa maelezo ya mama yetu, wa kwanza kwa ubishi.

Alisoma shule hiyo hiyo, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1967. Ripoti yake ya darasa la saba, aliyoitunza hadi mwisho, inasema: "Insha zake nzuri. Hamalizii."

Alifundisha darasa la tatu miaka thelathini na mitano. Januari 1971 alianza kuandika hadithi za watoto katika ukurasa wa nyuma wa gazeti la kanisa. Mhariri, ambaye ni mchungaji, aliongeza chini ya kila hadithi neno Funzo, na mstari mmoja wa kwake. Hadithi ya mtoto aliyeogopa giza ilipewa Funzo: Tuwahi ibada.

Marehemu alivaa viatu vya Jumapili siku ya Jumatano, akaenda ofisini kwa Mchungaji. Alieleza kwamba Mungu aliyempa hadithi anaweza kuimalizia mwenyewe moyoni mwa mtoto. Mchungaji akasema hadithi bila funzo ni porojo. Ama aandike funzo, ama ukurasa wapewe kwaya.

"Kufundisha nimeajiriwa, Mchungaji," alisema. "Kusimulia nimeitwa. Wape kwaya."

Alirudi nyumbani, na hakula siku mbili.

Hadithi iliyopaswa kuwa yake ya mwisho, ya mbuzi aliyekula kitabu cha nyimbo, ilikuwa tayari katika kiwanda cha uchapaji kwa toleo la Juni 1975. Mpanga chapa alipanga neno Funzo, akajaza mstari kwa nukta, akaishia hapo. Alipoulizwa, alisema herufi zilimwishia. Mwezi huo zilikuja barua arobaini na tatu za watoto waliojaza mstari wenyewe. Mmoja aliandika: "Mbuzi naye alitaka kuimba." Mchungaji alizisoma zote, kisha akamwandikia marehemu maneno mawili: "Lete nyingine." Nukta zilidumu miaka ishirini na minane.

Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na mpanga chapa huyo. Mchungaji ndiye aliyewafungisha, na alitoa mafunzo manne.

Alishauriwa mara nyingi aandike vitabu vya maombi, kwa kuwa ndivyo vinavyosomwa. Alijibu kwamba yeye huomba, tena vibaya, na hakuona sababu ya kuwaambukiza wengine.

Aliugua figo kuanzia Januari 2023. Mchungaji, sasa mstaafu, alifika wodini na mkongojo wake, akamuuliza Bwana anamfunza nini katika maumivu haya. Marehemu aliomba miwani, akamtazama.

"Weka nukta, Mchungaji."

Mchungaji aliomba sala fupi kuliko zote tulizowahi kumsikia. Dada alifariki asubuhi iliyofuata, Alhamisi tarehe 9 Mei 2024.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, ndugu watatu, na hadithi moja mezani, haijamaliziwa.

Apumzike mikononi mwake aliyemwita.

Funzo: ..............................