Vitanda Vinne vya Waitela

Nyuma ya maduka ya magari ya Wattaya, mtaa wa mji mmoja wa Ghuba, upande ambao mnunuzi hafiki, kuna kiti cha nyuma cha Land Cruiser kilichong'olewa mwaka usiojulikana na kuegemezwa ukutani. Hicho ndicho kijiwe. Kila siku baada ya swala ya alasiri hukaa hapo watu wanne, na kila mmoja ana jina alilopachikwa na wenzake bila kuulizwa. Mzee Musallam ni Redio, kwa sababu hazimiki. Yaqdhan, anayefanya kazi ofisini Qurum, ni Mudiri, yaani mkurugenzi, ingawa huko Qurum ana wakubwa sita juu yake. Lwanga, Mganda anayeosha magari ya duka la jirani, ni Injinia. Na mzee Ishaq ni Makonyo. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, na yeye hachoki kuhadithia alivyokuwa akiyachambua utotoni Pemba mpaka vidole vikanuka siku tatu. Kahawa hutoka nyumbani kwa kina Yaqdhan, ndani ya chupa kubwa ya kijani. Vikombe ni vitano, kimoja cha mgeni ambaye hajapata kutokea.

Siku hiyo ya Jumatatu Yaqdhan alikuja na chupa na karatasi.

— Hebu someni hii kabla sijaisambaza kwa jamaa, alisema. Ni wasifu wa kijiji, kwa wageni na wawekezaji.

— Kijiji gani? aliuliza Redio.

— Waitela. Kisiwa kidogo, mashariki kabisa ya Indonesia. Kwao Hasina.

— Hasina yupi?

— Wa nyumbani kwetu. Anayeipika hiyo kahawa unayokunywa.

Ishaq alikitazama kikombe chake. Miaka tisa alikuwa akinywa kahawa ya mikono hiyo, na maneno aliyozungumza na mwenyewe hayakuzidi salamu pale mlangoni kwa Bi Nasriya, mama yake Yaqdhan. Aliona haya, akaifunika haya yake kwa kuiomba karatasi.

Ilikuwa ya Kiswahili. Hasina alisema, Ruba dada yake Yaqdhan akaandika, maana Kiswahili ndicho alichokiokota jikoni kwa Bi Nasriya, na Kiarabu chake kinaishia sokoni. Ishaq alivaa miwani akasoma kwa sauti:

"Waitela ina watu mia tatu na kumi na wawili. Msikiti mmoja, skuli moja, visima viwili, cha juu ndicho kitamu. Boti inakuja Jumatatu na Alkhamisi, bahari ikichafuka haiji. Umeme ni wa jua, usiku saa nne unakwisha. Hakuna gari. Samaki wapo. Nyumba ya wageni wamejenga wanakijiji wenyewe, vyumba vinne, kila chumba kitanda kimoja. Hajalala mtu bado."

— Hapo mwisho hapafai, alisema Yaqdhan. Nshamwambia Ruba apafute. Mwekezaji akisoma kwamba hajalala mtu, anakimbia.

— Si kweli lakini?

— Kweli, Ami Ishaq. Ndiyo maana pafutwe.

— Na haraka hii ya nini?

Yaqdhan akaeleza. Mkataba wa Hasina umekwisha, Alkhamisi anarudi kwao moja kwa moja. Ana binti wa miaka ishirini, na ajenti wa huko keshamwandikisha kuja Ghuba kufanya kazi za nyumba kama mama yake. Ajenti anataka jibu Jumapili. Hasina hataki hata kulisikia jambo hilo. Mkuu wa kijiji naye katoa shauri lake: nyumba ya wageni ikipata hata mgeni mmoja wa uhakika kwa msimu wa mwaka huu, wataifungua, na binti atakuwa msimamizi wake. Asipopatikana, wataifanya ghala, na binti atakwenda anakokwenda.

— Mgeni mmoja, alisema Ishaq.

— Mmoja si kitu. Mie nnafikiria mia mbili.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Yaqdhan alikaa ukingoni mwa kiti akaanza kuchora hewani kwa vidole. Vyumba arobaini juu ya maji, sakafu ya kioo, mtu analala kitandani na samaki wanapita chini ya mgongo wake.

— Na akenda msalani? aliuliza Redio. Samaki wanatazama?

— Msalani tutaweka vigae.

— Mimi kitu kimoja hapa kimenishika, alisema Lwanga, aliyekuwa bado na kitambaa chake cha kung'arishia begani. Imeandikwa hakuna gari. Yaani mafi sayara, hata moja?

— Hata moja.

— Basi khalas. Mimi nafungua kituo cha kuosha magari pale. Sina mpinzani.

— Injinia, utaosha nini?

— Ndiyo maana nasema tuanze na kupeleka magari, bosi. Kumi ya kuanzia.

— Na barabara?

— Magari yakishafika watu wenyewe watalalamika, barabara itapatikana. Kampala mimi nimeona hivyo kwa macho yangu.

Redio alikuwa hajasema la maana kwa dakika tatu, jambo lililomtesa. Alimpokonya Ishaq karatasi akatazama picha iliyokuwa chini. Ilionyesha njia nyembamba kutoka msikitini hadi ufukweni, na pande zote mbili majamvi yametandazwa, juu yake kitu cha rangi ya hudhurungi.

— Picha hiyo nayo niliwaambia waikate, alisema Yaqdhan. Hawakufagia. Takataka zote zile njiani.

— Dagaa hao, alisema Redio.

— Kahawa hiyo, alisema Lwanga. Kwetu Masaka tunaanika hivi hivi.

Ishaq aliichukua tena karatasi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, akaisogeza picha mpaka karibu ya pua.

— Karafuu, alisema.

Wakasogea kutazama, si kwa kuamini bali kwa namna alivyolisema.

— Hizi za karibu na msikiti zimeanikwa jana, alisema Ishaq. Za huku zina siku tatu, tazameni rangi. Na pembe hii ya jamvi imekunjwa. Kuna mtu aliona wingu, akaanza kukunja, halafu likampita. Na aliyepiga picha kasimama juu ya jamvi, kivuli cha mguu wake hichi hapa. Angekuwa wangu ningemtia adabu.

— Sasa nimefahamu, alisema Redio taratibu, na waliomzoea walijua kwamba hapo hakuna kurudi nyuma. Hao ni Wapemba.

— Wapemba wa wapi, yakhe? aliuliza Ishaq.

— Mtu haamki tu asubuhi akaanika karafuu. Kafundishwa. Kuna mzee wetu mmoja alikwenda zake huko zamani na mche wake, asiage mtu. Hao ni wa upande wa mamangu, nnawajua, hawaagi.

— Ni kinyume. Karafuu asili yake visiwa vya huko, ndiyo iliyokuja kwetu. Tulisomeshwa skuli.

— Basi vizuri zaidi. Wao ndio waliokuja kwetu bila ya kubisha hodi. Bado ni jamaa. Na jamaa ana haki zake. Tunakwenda na nasaba zetu mkononi, tunadai shamba.

— Unakwenda kudai shamba kwa watu mia tatu na kumi na wawili wenye visima viwili?

— Kimoja kitamu, alisema Redio.

Kufikia kikombe cha tatu Waitela haikujijua tena. Yaqdhan alikuwa keshaleta helikopta, kwa kuwa boti ya Jumatatu na Alkhamisi haiendani na wageni wake. Lwanga aliuliza kama helikopta yaweza kubeba gari, akajibiwa kwamba ndogo huenda, akaridhika na ndogo. Redio alijiteua sheikh wa kisiwa, akabadilisha jina kikawa Pemba Mpya, kisha akagombana na Yaqdhan juu ya mahali pa kutua helikopta, maana palikuwa juu ya shamba lake la urithi. Ilibidi Lwanga awatenganishe kwa kuwaambia kwamba wageni hawajafika na tayari wanaona aibu.

Ishaq hakuwasikia. Alikuwa bado kwenye ile pembe ya jamvi. Pemba aliondoka na miaka kumi na minne, akarudi mara moja tu, mtu mzima mwenye watoto. Nyumbani kwao alikuta wanakaa watu wengine, tena watu wema. Walimkaribisha maji, akayanywa amekaa mgeni kwenye baraza aliyojifunzia kutambaa, akashukuru, akaondoka, asirudi tena. Tangu afe mkewe Rawya hakuwa akivuka hata Wattaya. Wanawe walikuwa wakimwambia apumzike, naye alikuwa amepumzika mpaka amechoka. Sasa karatasi hii ilimjia na karafuu zisizo na msiba wowote nyuma yake, na binti wa watu anayengojea mgeni mmoja.

— Kahawa imekwisha, alisema Lwanga, akiitikisa chupa.

Yaqdhan alimpigia simu dada yake. Haikupita robo saa gari ya Ruba ikasimama mbele ya kijiwe. Ruba alibaki kwenye usukani, akiongea na simu, na kwa mlango wa pili akashuka mwanamke mfupi wa makamo, mtandio wake umebanwa vizuri chini ya kidevu, amekumbatia chupa nyingine ya kahawa kwa mikono miwili.

— Asalaam alaykum. Shikamooni.

— Marahaba, Hasina, karibu, walisema wazee wote wawili, na Ishaq akajisogeza kumpisha kitini. Hakukaa. Alimimina kahawa kwanza, mmoja mmoja, kama nyumbani, mpaka Ishaq alipomchukua chupa mkononi na kummiminia yeye mwenyewe, kwenye kikombe cha tano.

— Tunazungumza kijiji chako, alisema Yaqdhan. Mambo makubwa, Hasina.

Wakamweleza. Alisikiliza yote, sakafu ya kioo na helikopta na magari kumi, na Redio alipofika kwenye nasaba aliinamisha kichwa kwa heshima, maana alimchukulia kuwa ni mtu mzima asiyejisikia vizuri. Walipomaliza alikiweka kikombe.

— Nashukuru, alisema. Mmenifikiria sana. Mie mambo ya helikopta siyajui. Kwa Bi Nasriya sikuona ubaya, Mungu amlipe. Lakini mwanangu nilimwacha ana miaka kumi na moja, na sasa anavaa viatu vyangu. Sitaki naye akishazaa akae mbali na mtoto wake kama nilivyokaa mie. Leo asubuhi kanitumia ujumbe, yuko kule kwenye nyumba ya wageni na mashuka mapya. Ananiuliza kitu na sina la kumjibu, ndiyo nikamwomba Ruba tuje wote.

— Anauliza nini?

— Anauliza atandike vitanda vingapi.

Wageni mia mbili wa Yaqdhan hawakuwa na jina hata moja. Lwanga alianza kukunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja tena. Redio alitazama magari yanavyopita barabara kuu, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, alizimika.

Hasina alingoja. Hakuwa na hasira. Ilikuwa ndiyo sura ya mtu aliyezoea kungoja wakubwa wamalize, na hilo ndilo lililomchoma Ishaq kuliko lolote alilolisikia siku hiyo.

— Karafuu zenu, alisema, huanza kuchumwa mwezi gani?

Hasina aligeuka.

— Wa saba, ami. Mwanzo mwanzo. Umejuaje kama tuna karafuu? Ruba hakuandika.

— Nimeziona. Na nani aliyekunja pembe ya jamvi?

— Mwanangu. Hiyo picha ilipigwa na msimamizi wa boti. Aligombezwa, alikanyaga.

— Alistahili, alisema Ishaq. Nna goti bovu, Hasina. Hiyo boti nitashukaje?

— Inapanda mpaka mchangani. Watu watakushika.

— Kuchambua nnaweza. Nakaa chini, goti halihusiki. Basi mwambie atandike kimoja.

Redio alitaka kusema kitu, Lwanga akamkanyaga mguu.

— Ami Ishaq, alisema Yaqdhan, hiyo ni ndege tatu na boti mbili.

— Nimesikia. Na pasi yangu ya kusafiria imekwisha tangu mwaka aliofariki Rawya. Kesho asubuhi utanipeleka kuitengeneza.

— Kesho nna kikao.

— Si wewe ndiye mudiri? Kiahirishe.

Hasina alikuwa keshatoa simu. Alizungumza nayo kwa lugha ya kwao, haraka haraka, na kati ya maneno yote wao walisikia Pemba na walisikia Ishaq. Halafu akajifuta macho kwa ncha ya mtandio bila ya kujificha. Ruba kule garini aliishusha simu yake, akazima injini. Jibu lilirudi hapo hapo, sauti ya msichana anayecheka na kuuliza kwa pamoja.

— Anasema atakuwekea chumba cha upande wa njia, zinakoanikwa karafuu, alisema Hasina. Na anauliza, mzee atakaa siku ngapi?

Ishaq alimalizia kahawa yake, ambayo sasa alijua imetoka kwa nani, na nani anamngojea mpishi wake huko.

— Mwambie mpaka zikauke.