Nusu Saa ya Tambuu

Risala ya wanawake wa Kisiwa cha Shalmara, iliyosomwa na Anjuara Khatun

Mgeni rasmi, Bwana Rezaul Talukdar, Mkurugenzi wa Mpango wa Mtamba, maofisa mliofuatana naye, mwenyekiti wetu, wakwe zetu mliokaa mbele, na ninyi waume zetu mliosimama kule nyuma kana kwamba mnapita tu: asalaam aleikum.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, tumefurahi mno kukuona. Mara ya mwisho ofisa wa cheo kama chako kufika hapa ni pale mto Brahmaputra ulipomeza shule yetu, akaja kutazama mahali ilipokuwa. Wewe umekuja kutazama vilivyopo. Na mashua ilipokwama kwenye mchanga ukavua viatu, ukakunja suruali, ukatembea majini. Hili halimo kwenye karatasi, nimeliongeza sasa hivi.

Mbele yako kuna bisi za mchele na sukari guru. Kula bila haya. Ila kile kisahani kilichofunikwa jani la mgomba usikiguse kwanza. Tutakifikia.

SISI NI NANI

Sisi ni watu wa kisiwa cha mchanga katikati ya mto, na mto ndio mwenye nyumba wetu. Akitaka kiwanja chake tunafungua mabati, tunahama. Mimi ninayesoma nimehama mara saba, na vitasa vya mlango wangu vimekonda kwa kufunguliwa.

Miaka mitatu iliyopita Mpango ulituchagua wanawake ishirini na wanne tusio na kitu. Kila mmoja alipewa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Tukaletewa pia Dada Mahmuda, mtumishi wa Mpango, wa kututembelea kila wiki kwa miaka miwili. Mitamba walifika kwa mashua wakiwa na kichefuchefu. Dada Mahmuda naye pia.

MAFANIKIO

Mitamba wote wamezaa, isipokuwa wa Moyna, ambaye hadi leo kazi yake ni kula, na Moyna hapendi asemwe. Tunakula milo mitatu. Watoto wanasoma ng'ambo ya mto. Waume zetu, waliokuwa wakienda Dhaka kuendesha baiskeli za abiria nusu mwaka mzima, sasa huenda miezi miwili tu, na mume wa Kohinur siku hizi huomba ruhusa kabla ya kugusa ndoo ya maziwa.

Habari njema haikai kapuni. Ofisi ikasema jambo hili lienezwe. Likaanzia Bohera, kisiwa jirani, ambacho moshi wake unauona pale. Na tumesikia kwamba mwezi ujao, mgeni rasmi, utatia saini kitabu cha taratibu za kulipeleka kwenye vijiji mia tatu.

CHANGAMOTO

Bohera walipewa mitamba arobaini, wazuri kuliko wetu, tunasema bila wivu, au kwa wivu kidogo. Baada ya miezi saba wamebaki kumi na mmoja. Wengine wote wameuzwa.

Tunasikia huko ofisini wanasema wanawake wa Bohera ni wavivu. Mgeni rasmi, hao ni ndugu zetu, tumeoleana nao. Kohinur huyu amezaliwa Bohera, na uvivu hatujauona kwake. Basi akavuka kwenda kumuuliza mama yake, ambaye mkaza mwana wake, yaani mke wa mwanawe, alikuwa mmoja wa wale waliopewa mitamba. Mama akamjibu: "Ng'ombe aliingia uani kwangu bila hodi. Simjui, hanijui. Mwanangu alipotaka kumuuza, ningemkataza kwa lipi?"

Hapo tukatazamana, tukaona aibu, kwa sababu jibu tulikuwa nalo siku zote.

Dada Mahmuda alipofika hapa hakuanza na sisi. Alianza na wakwe zetu, mama za waume zetu. Alikwenda kwa Mama Sobura, huyu aliyekaa mbele yako, mwenye funguo za nyumba nzima kwenye upindo wa sari, ambaye kuku hatagi kisiwani bila yeye kujua. Siku ya kwanza Mama Sobura alimtazama akamwambia: "Kalamu unayo, mwavuli unao. Umeolewa?" Dada akasema bado. "Basi kaa, tukutazame vizuri."

Akakaa. Wakakunjiana tambuu, wakatafuna nusu saa nzima, wakapiga soga, wakateta juu ya bei ya popoo, zile kokwa zinazotiwa ndani ya tambuu. Neno la ng'ombe halikutajwa. Wiki ya pili vivyo hivyo, nyumba hadi nyumba. Wiki ya nne tulimsikia Mama Sobura akitangaza uani: "Leo mkaza mwana wangu asichote maji, aende akakate majani ya mtamba. Maji nitachota mimi." Mimi ndiye huyo mkaza mwana. Niliingia ndani nikalia, na sijawahi kumwambia hadi leo hii anaponisikia.

Sasa sikiliza kosa letu. Wakaguzi wenu walipokuja na karatasi zao ndefu, walituuliza nini kimetusaidia. Sote ishirini na wanne tukajibu: ng'ombe. Kwetu mkaza mwana hamzungumzii mkwe wake mbele ya wageni, si kwa ubaya wala kwa uzuri. Isitoshe, wakwe wenyewe walikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi, masikio yamesimama. Kwa hiyo katika taarifa yenu tambuu haimo ila kwenye orodha ya gharama, na huko mtu mwenye rula akaifuta kwa mstari. Mtumishi wa Bohera amepewa robo saa kwa kila nyumba: apime ng'ombe, apate saini, aondoke.

Mficha uchi hazai. Tulipoandika risala hii tulitaka kulifunika tena. Mama Sobura hajui kusoma, lakini alitwambia tumsomee. Tulipomaliza akasema: "Hamkuandika kitu. Mmenificha kwa heshima miaka mitatu, na heshima yenu imeuza ng'ombe ishirini na tisa. Andikeni upya."

OMBI

Mgeni rasmi, ombi ni moja. Hatuombi daraja, ingawa ukiwa nalo mfukoni hatutalikataa. Tunaomba, kabla hujatia saini, ile nusu saa irudishwe kitabuni, kwa vijiji vyote mia tatu. Na Dada Mahmuda, ambaye mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi huu, apewe kazi ya kuwafundisha watumishi wapya namna ya kukaa. Kupima ng'ombe wanajua. Kukaa bado.

Tunajua nusu saa ikizidishwa kwa vijiji mia tatu ni saa nyingi, na wakubwa wako watauliza zimezaa nini. Wambie waje Shalmara, watazame, kisha wapite Bohera wanaporudi.

Ratiba yako inasema risala ikiisha unaondoka. Sasa funua kile kisahani. Ni tambuu, ameikunja Mama Sobura kwa mkono wake, popoo kidogo kwa kuwa wewe ni mgeni, na ukitazama vizuri utaona amesogea kwenye mkeka wake, pana nafasi ya mtu mmoja. Mwenye mashua usimtafute. Tumempeleka kwa Moyna akanywe chai, na chai ya Moyna haiivi chini ya nusu saa.

Mola akupe afya, na mto usiijue njia ya nyumba yako. Karibu mkekani.

Ni sisi, Kikundi cha Wanawake wa Shalmara, wakaza mwana pamoja na wakwe zetu.