Casilda Mojica na Mpira Ulioachwa Upite

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti. Najua kipindi cha kumbukumbu watu hupunguza. Leo ongezeni. Tunamkumbuka Casilda Mojica, na Casilda hakuwahi kusikiliza redio kwa sauti ya chini hata siku moja.

Casilda Mojica, mwenye duka la kona pale mtaa wa La Noria, hapa hapa San Pedro. Casilda aliyekuwa akitupigia simu kila mchezo wa besiboli ukiisha. Kama jina hulikumbuki, sauti unaikumbuka. Sauti kavu, isiyo na haraka, na nyuma yake friji inanguruma na mteja anaomba akatiwe salami. Ametutoka akiwa na miaka sabini na moja.

Wengi wenu mlimchukia. Tusifanye unafiki kwa kuwa amekufa. Mlimchukia kwa sababu alipenda wachezaji ambao nyinyi mliwazomea.

Kisiwa hiki tunakijua. Kijana hutoka hapa kwenda ng'ambo kwa kupiga mpira. Tangu utotoni anapiga kila kinachopita mbele yake, mpira, limau bichi, kifuniko cha chupa. Mpigaji akiachia mipira minne mibovu, iliyorushwa nje ya eneo la kupigwa, ipite, akapewa kituo cha kwanza bila jasho, uwanja mzima unaguna. Tunamwita mwoga. Tunasema huyo kazoea vya bure.

"Bure?" Casilda alituuliza siku moja hewani. "Kasimame wewe pale. Mpira unakuja, mikono inawasha, mama yako anapiga kelele jukwaani, halafu usipige. Ukirudi uniambie kama ni bure."

Yeye alikuwa na hesabu yake ya dukani. Alisema timu huingia uwanjani na mikate ishirini na saba. Kila mpigaji anayetolewa amekula mkate mmoja. Mikate ikiisha, mchezo umeisha, hata uwe unapendeza namna gani. Sasa nyinyi, alisema, mnamsifu yule anayepiga mpira mmoja ukavuka ukuta, halafu anakula mikate kumi. Mimi namsifu asiyekula. Huo ndio ulikuwa uchumi wa Casilda, na hakurudi nyuma hata unyayo.

Alikosea pia, na sana. Mnalikumbuka lile jitu la kituo cha kwanza ambalo Casilda aliapa kwamba litatupa ubingwa? Lilisubiri mpira mzuri, likasubiri, likasubiri, likarudishwa kwao kabla ya Krismasi. Tulimpigia simu Casilda tumcheke. Akasema jitu lilikuwa sahihi, ila halikuwa na bahati. Sikio la kufa halisikii dawa.

Lakini wasikilizaji wapendwa, msimamo huo haukuwa mzaha nyumbani kwake. Ulimgharimu ndugu yake.

Casilda hakuzaa. Alikuwa na mdogo wake, Fermín, fundi mwashi, aliyekaa naye ukuta kwa ukuta. Fermín ana mtoto mmoja wa kiume, Yeudi. Yeudi alilelewa kwenye duka la shangazi yake. Shangazi ndiye aliyemrushia vifuniko vya chupa uani, na ndiye aliyemfundisha kuacha vile vibovu.

Yeudi alipofika umri, wakaja wasaka vipaji. Kijana akasimama na gongo lake, baba yake kashika waya wa uzio. Mrushaji alikuwa na wasiwasi, mipira inakwenda kombo. Yeudi akaiacha. Ukaja mwingine, akauacha. Msaka vipaji akafunga begi lake, akasema kijana huyu hana njaa, na mkataba akapewa mtoto wa jirani aliyepiga hata mpira uliokuwa ukielekea kwenye viatu vyake.

Fermín alitoka pale moja kwa moja hadi dukani. Mashahidi wapo. Alimwambia dada yake kwamba amemuua mwanawe akiwa hai. Casilda akamjibu kwamba mipira ile ilikuwa mibovu. Basi. Kuanzia siku ile Fermín hakuvuka kizingiti cha dada yake. Kahawa akanunua mtaa wa pili.

Miaka saba. Ukuta mmoja, redio mbili, kituo kimoja, chetu.

Na hapa ndipo sisi tunapoingia. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sisi tulichukua maikrofoni. Casilda alikuwa akipiga simu, akisema yake. Akikata tu, simu inalia, ni Fermín. "Mwambie yule mama aliyepiga sasa hivi kwamba hajui kitu." Dakika mbili baadaye, Casilda. "Mwambie yule bwana apunguze chumvi, daktari alimkataza." Hawakusemezana mlangoni, hawakusemezana kanisani. Walisemezana hapa. Mkicheka, chekeni. Sisi pia tulicheka, mpaka tulipoelewa kwamba ndugu hawa hawana njia nyingine.

Yeudi hakuacha mchezo. Alizunguka ligi ndogo za Meksiko, akarudi, na mwaka juzi timu yetu ikamchukua. Ule mchezo wa Januari mnaujua. Tuko nyuma kwa pointi moja. Vituo vyote vitatu vina watu wetu. Umebaki mkate mmoja, kama angesema mwenyewe. Yeudi kasimama, mipira mibovu mitatu, mizuri miwili. Mpira ujao utaamua: ukiwa mbovu tunasawazisha, ukiwa mzuri ametolewa. Ukaja chini, pembeni. Yeudi akauacha upite.

Mwamuzi, Bwana Nolasco, akanyanyua mkono. Mpira mzuri. Ametolewa. Msimu umekwisha.

Watu walilia. Watu walitukana. Na pale jukwaa la upande wa kushoto, mwanamke mmoja, redio ndogo sikioni, alisimama peke yake akapiga makofi. Mtu akammwagia bia. Akajipangusa, akaendelea kupiga makofi.

Asubuhi alipiga simu, akasema maneno mawili. "Ulikuwa nje." Fermín naye akapiga. Sauti yake siku ile sitaisahau. Alisema, "Mwambie yule mama, nje au ndani, mwanangu ndiye anayezomewa barabarani." Casilda hakupiga tena siku ile. Ni mara moja tu, katika miaka yote, yeye kunyamaza kwanza.

Tumemuuliza Yeudi, aliyekuja mazikoni, kama anamlaumu. Akatutazama kama watu wasiojua kusoma. "Shangazi hakunifundisha kutopiga," alisema. "Alinifundisha nisidanganywe."

Casilda alifariki Jumapili, mchezo ukiendelea hewani. Ulipoisha, tulingoja simu yake. Tukatania hewani, Bi Casilda, umelala? Upande wa pili wa ukuta Fermín alikuwa akitusikia, na alikuwa akiisikia redio ya dada yake, lakini simu haikuja. Alizima redio yake. Akavuka kizingiti. Alimkuta kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, mkono karibu na simu.

Siku ya tisa ya sala za kumwombea marehemu, familia ikiwa imekusanyika na kahawa na biskuti, tulifungua laini kwa salamu za rambirambi. Akapiga Bwana Nolasco, mwamuzi mwenyewe. Alisema kwa heshima kwamba marehemu alimsumbua miaka miwili, na kwamba atamkosa. Alitoa pole. Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza kwamba hata hivyo mpira ulikuwa ndani.

Alipokata, simu ililia papo hapo. Nyuma yake friji inanguruma. Nilidhani nimepatwa na wazimu. Ilikuwa simu ya dukani, ila aliyeishika alikuwa Fermín.

"Mwambie yule bwana aliyepiga sasa hivi," alisema. "Mwambie ulikuwa nje. Na akibisha, kesho nitapiga tena."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Fermín, Yeudi na mtaa mzima wa La Noria. Mungu ampumzishe Casilda Mojica. Nanyi mnaotusikiliza, kama upande wa pili wa ukuta yupo ndugu ambaye salamu zako humfikia kwa kupitia kwetu, inuka sasa hivi uende. Sisi tutaendelea kuzungumza, hutakosa kitu.

Miaka yote kipindi hiki hakikuegemea upande, kwa kuwa kazi yetu hairuhusu. Leo kinaegemea. Mpira ulikuwa nje. Laini ziko wazi, pigeni mbishe.